Madame, Sahani, na Mlango wa Nadège

Vijana wa garaji, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa zamani. Saa ilisimama wiki ileile. Maandishi haya natumaini yatakwenda mbali zaidi. Vyeo sitavitaja, kwa sababu sikupata hata kimoja: nilianza nikiwa shofa wa mabibi harusi na nimemaliza nikiwa shofa wa mabibi harusi, ila mwanzoni waliniita "we" na mwishoni wakaniita Papa Ngoie. Hiyo ndiyo ngazi yote niliyopanda.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa kaskazini ya Katanga, na kwake yeye kazi ilikuwa kitu chenye magurudumu ya chuma. Nilipomwambia nimepata kazi ya kubeba mabibi harusi siku ya Jumamosi, alitafuna chakula chake mpaka kikaisha, kisha akauliza Jumatatu mpaka Ijumaa nitakuwa nafanya nini. Jibu nililipata garajini: Jumatatu unaosha gari, Jumanne unalipaka nta, Jumatano unalifunga utepe mweusi kwa sababu kuna msiba na familia ya marehemu imelikodi, Alhamisi unaondoa utepe mweusi na kuliosha tena, Ijumaa unalifunga utepe mweupe na kuwaombea Mungu wote wawili, wa Jumatano na wa Jumamosi.

Aliyenifundisha ni Mzee Ramazani. Ukoo wake ulitoka Kasongo, Maniema, Waislamu wa tangu babu na babu, mafundi na wafanyabiashara. Mzee mwenyewe hakuwahi kukosa sala, lakini alikuwa amewapeleka kanisani mabibi harusi wengi kiasi kwamba alijua saa za misa za parokia zote za mji kuliko makatekista. Siku yangu ya kwanza nilifika na shati jeupe na viatu vinavyong'aa, nikidhani nitapewa ufunguo. Akanipa gauni. Gauni la harusi, refu, lenye waya wa duara ndani ya sketi, ambalo mteja fulani alilisahau miaka mingi nyuma.

"Vala," akasema.

"Miye?"

"Weye. Huwezi kubeba muntu kama haujue kile anasikia."

Nikavaa. Akanikalisha kiti cha nyuma na shela usoni, akanizungusha katikati ya mji mchana kweupe, mbele ya mabenki na maduka, watu wakiwa wametoka kununua mkate. Wanawake wa sokoni walipiga vigelegele kwanza, halafu wakaona sharubu. Mmoja alikimbia kando ya gari akimpa Mzee pole kwa kuwa ameoza mwana mbaya hivyo. Mimi huko nyuma nilikuwa nalia kwa aibu, na kila Mzee alipogusa breki ule waya wa sketi uliinuka ukanigonga puani. Tuliporudi aliniuliza nimesikia nini. Nikasema nimesikia pua. Akaridhika sana. Akaniambia kwamba siku zote nikiwa nataka kukanyaga breki nikumbuke pua yangu, na somo likaishia hapo. Kuendesha kwenyewe nilijifunza mwenyewe.

Sasa Madame. Nyinyi mmeikuta ikiwa katika hali nisiyotaka kuianza nayo, kwa hiyo niacheni niieleze ilivyokuwa. Ilikuwa gari la Kiingereza, refu, rangi ya maziwa yaliyochemka, lililoletwa na mkurugenzi mmoja wa migodi enzi za Wabelgiji. Mkurugenzi aliondoka kwa haraka sana hata hakulifunga mlango, gari likabaki. Baba yake patroni wetu wa sasa akalinunua, akaanza nalo biashara. Mbele yake kulikuwa na mbao za kweli, si picha ya mbao. Viti vilikuwa vya ngozi nene iliyopasukapasuka, lakini ukikaa unazama kidogo kisha unashikwa vizuri. Paa lilikuwa juu kiasi kwamba mama mwenye kilemba cha sherehe aliingia na kilemba chake na kutoka nacho. Na buti! Buti ya Madame ilibeba sufuria za ukweni, kreti za soda, mifuko ya unga, gurudumu la akiba, na siku moja ilimbeba mbuzi mzima ambaye alisafiri kimya kuliko wageni.

Sitasema uongo kwamba ilikuwa gari jema. Madame ilikunywa mafuta bila haya. Wiper moja ilifanya kazi, nayo ilikuwa ya upande wa abiria, kwa hiyo wakati wa mvua mimi niliendesha nikiegemea kama mtu anayesikiliza umbea. Kwenye mteremko ilijiona kijana, kwenye mlima ilichemka. Mzee Ramazani alinifundisha dawa yake: injini ikichemka, unafungua joto la ndani ya gari mpaka mwisho, lile la kupashia miguu ya Wazungu, moto unatoka kwenye injini unaingia kwa abiria. Injini inapona, abiria wanaungua. Pampu ya maji tuliwahi kuifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ikatumika hivyo mpaka tukasahau kwamba ni ya baiskeli.

Lakini kazi yetu haikuwa kuendesha. Hili ndilo nataka mlishike. Kazi yetu ilikuwa mlango.

Mnajua desturi, ila mnaijua kwa juujuu, kama watu wanaoitazama kwenye simu. Bibi harusi anatoka kwa baba yake ameketi nyuma, na kando yake shangazi, dada wa baba. Wakifika kanisani ndugu wa mume wanakuja kumpokea. Wanakuta mlango umefungwa na shangazi ameushika kutoka ndani. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Wanaleta kitenge, shangazi anageuza uso. Wanaleta kitenge cha pili na kreti ya bia, shangazi anauliza kama mtoto wao ni wa kunywa. Wanaimba, wanapiga magoti kwenye vumbi na suti zao, wanamsifu baba, wanamsifu mama, wanamsifu mpaka shofa. Shangazi akitosheka anafungua, na mlango ukifunguka ndipo mtoto anakuwa amekwenda kwa watu. Si pete, si padri, si sahihi ya meya. Mwulizeni mwanamke yeyote wa hapa Lubumbashi aliyeolewa vizuri siku yake ilikuwa ipi; atawaeleza mlango ulifungwa kwa muda gani.

Nimeona mengi kwenye mlango ule. Nimemwona shangazi aliyelala usingizi kwa joto huku mkono wake ukiwa bado kwenye kitasa, na ndugu wa mume wakiimba nje wakidhani ni mgumu. Nimemwona shangazi mwingine aliyepokea kila kitu, akafungua, halafu akaona kati ya waimbaji kuna mwanaume aliyemwacha yeye mwenyewe ujanani, akafunga tena. Siku ile tulikaa sana. Shofa katika mambo haya hana neno. Unatazama mbele, mikono kwenye usukani, injini imezimwa, na unangoja kama sehemu ya gari.

Basi, baba yake patroni akafariki, Mzee Ramazani naye akamfuata kabla ya mvua kuisha, na mwana akashika biashara. Didier. Mnamjua, yeye ndiye anayewalipa, kwa hiyo nitasema kweli lakini kwa upole. Didier alikuwa amekaa Johannesburg muda wa kutosha kujifunza kuvaa miwani ndani ya nyumba. Aliporudi alitembea garajini polepole, akaigonga Madame kwenye paa kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akasikitika. Mwezi uliofuata likaja lori kutoka kusini, na juu yake kitu chekundu kimefunikwa turubai.

Tulidhani ni jokofu. Turubai ilipotoka tuliona gari, au nusu ya gari. Viti viwili. Paa halikuwepo, Didier alibonyeza kitufe, kikatoka kitu cheusi cha kitambaa kutoka nyuma, kikavifunika viti, akabonyeza tena kikarudi kulala. Alirudia mara nyingi, kama mtoto na mwavuli.

"Papa Ngoie, iyi njo motoka!" akasema. "Ile yako iko ya musée, ya kuangaliwa na bageni tu. Bantu ba leo banatafuta vitesse, mbio ya kweli, banatafuta hewa, banatafuta photo."

Nikaizunguka. Ilikuwa chini sana, chini kiasi kwamba ukisimama kando yake unamwona aliyeketi tangu utosini mpaka magotini. Ndipo tukaipa jina la Sahani, kwa sababu kila kilichowekwa ndani kilionekana kimepakuliwa.

Nitawapa sifa zake, nisije nikaitwa mzee mwenye kinyongo. Sahani ilikimbia. Ukigusa mafuta shingo inabaki nyuma. Ilikuwa na baridi ya kupuliza mgongoni, sijui kwa faida gani kwa gari lisilo na paa, na sauti yake ilikuwa ya simba aliyeshiba. Wiper zote mbili zilifanya kazi. Lakini tumbo lake liligusa kila tuta la barabarani, na huku kwetu matuta ni mengi kuliko barabara. Buti yake ilibeba mkoba mmoja wa mwanamke, tena paa likiwa limekunjwa mkoba ubaki nyumbani. Ikiugua haikutaka fundi, ilitaka mtu mwenye kompyuta kutoka Afrika Kusini, ambaye aliichomeka waya, akasoma, akatikisa kichwa, akatuambia imechoka na vumbi. Vumbi la Lubumbashi, wakati wa kiangazi, na malori ya madini yakipita usiku na mchana! Hata mimi nimechoka nalo, ila hakuna aliyenichomeka waya.

Didier akaamua kufanya kile alichokiita ulinganisho. Magari yote mawili yatoke katika harusi za kiangazi, na baada ya kiangazi moja litabaki. Jingine litauzwa. Aliposema jingine alitazama Madame, na mtu wa kununua vyuma chakavu alikuwa ameshakuja kuipima kwa macho. Mimi niliumia, nasema wazi. Mke wangu aliniambia ni gari tu. Nikamwambia na wewe ni mke tu, tukakaa hatuzungumzi mpaka Jumapili. Gari lile nililiosha maisha yangu yote ya utu uzima, nilijua kila mkwaruzo umetoka kwa harusi gani, na sikutaka kuliona likipelekwa kuyeyushwa liwe masufuria.

Harusi kubwa ya kwanza ya kiangazi ilikuwa ya Nadège. Binti wa mtaa wa Hewa Bora, mwalimu wa chekechea, mdogo wa umbo na mwenye macho ya kumtazama mtu mpaka aseme kweli. Alikuja garajini na shangazi yake, Tantine Véro, mwanamke mpana, mwuza vitenge, ambaye hakuwahi kuuliza bei ya kitu bila kwanza kukidharau. Tantine alichagua Madame palepale. Lakini watu wa mume, wa mtaa wa Karavia, walikuwa wameona picha za Sahani kwenye simu, na Didier alikuwa amewaahidi. Wakakubaliana nusu kwa nusu: Nadège atapanda Sahani, Tantine na mashangazi wengine watafuata nyuma katika Madame.

Nikauliza swali moja tu, kwa unyenyekevu. "Patron, na tantine atakaa wapi?"

"Atafuata nyuma. Kuko shida?"

Nikasema labda hakuna. Kwa kweli sikuona shida yenyewe. Nilikuwa nafikiria vumbi na shela. Mlango haukunijia kabisa akilini, na nyinyi mkiambiwa kwamba niliuona tangu mwanzo msikubali.

Jumamosi ikafika, asubuhi ya baridi ile ya Juni inayofanya watu wa Lubumbashi wavae makoti juu ya suti. Didier aliendesha Sahani mwenyewe, miwani usoni, na kwa kuwa viti ni viwili, Nadège aliketi mbele, kando yake. Mnaona picha hiyo? Bibi harusi kwenye kiti cha mbele kando ya mwanaume asiye wake, hakuna paa, mji mzima unatazama. Kila tulipopita watoto walipiga kelele, "Bwana harusi eko na lunette!" na Didier, badala ya kuvua miwani na kukana, aliwapungia mkono. Nyuma yangu nilimwona Tantine Véro kwenye kioo akianza kuhesabu shanga za rozari kwa kasi isiyo ya sala.

Kisha Didier akataka kuonyesha mbio. Sahani ikapotea mbele yetu kwenye barabara ya katikati ya mji, shela ya Nadège ikiwa imesimama wima juu ya kichwa chake. Mimi na Madame tulifuata kwa mwendo wetu. Tulipofika kanisani watu walikuwa wanashangilia, na Nadège alikuwa amesimama kwenye ngazi.

Amesimama. Kwenye ngazi. Nje ya gari.

Kilichotokea, kama tulivyosimuliwa na watu wote kwa wakati mmoja, ni hiki. Sahani ilipofika, ndugu wa mume walikuja na vitenge vyao, na kreti zao, na nyimbo zao, wakakuta hakuna shangazi. Hakuna paa. Mlango ulikuwepo, ila ulifika kiunoni tu, na bibi harusi alikuwa wazi juu yake. Kaka mkubwa wa mume, kijana mwenye nguvu na akili ya kiasi, akaona hakuna wa kubembelezwa, akainama, akamnyanyua Nadège juu ya mlango kwa mikono miwili, akamweka kwenye ngazi. Watu wakapiga makofi. Didier alipiga picha.

Tantine Véro alishuka Madame. Alitazama Sahani, akaizunguka, akagusa mlango wake. Ulikuwa umefungwa vilevile.

"Nani alifungua iyi mulango?"

Waimbaji wakashusha vitenge vyao.

"Minauliza. Nani alifungua?"

"Hakuna, Tantine," akasema yule kaka mkubwa, akicheka. "Tulimubeba tu."

"Basi mutoto bado hayashuka."

"Tantine, ule eko pale, ku ngazi."

"Ule wa pale, miye simuone," akasema Tantine Véro, na kweli hakumtazama. "Mutoto wa ndugu yangu eko mu motoka, mulango iko ya kufunga. Mukimubeba bila mulango, mumemuiba. Na muntu wa kuibwa, padri hawezi kumuoza."

Walidhani ni mchezo. Yule kaka akachukua kitenge, akapiga magoti mbele ya Sahani, akaimba kidogo, akafungua mlango wa gari tupu. Tantine akamtazama kwa huruma ya kutisha.

"Unafungulia nani? Kiti?"

Hapo wazee wa pande zote wakaanza kusema, na watu wazima wakianza kusema kwetu huwa hawaishii njiani. Wa Karavia walisema hawa wa Hewa Bora wanatafuta kreti zaidi. Wa Hewa Bora walisema hawakumlea binti ili anyanyuliwe kama gunia la mihogo. Baba yake Nadège alivua kofia, akaivaa, akasema kama ni kuibwa basi hakuna ndoa, arudi nyumbani. Ndani bwana harusi alikuwa amesimama altareni akigeuka kila dakika kutazama mlangoni, maskini. Padri alitoka, akasikiliza, akasema kwa utulivu kwamba kuna watoto wa kubatizwa sasa hivi, akimaliza kuwabatiza kuna harusi nyingine inamngoja, na harusi hii ama iwe kabla ya hapo ama isiwe leo. Akarudi kwa watoto wake.

Nadège alikuwa bado kwenye ngazi, nusu ya kope zake za bandia zimekwenda na upepo, uso wote umekuwa wa rangi ya barabara. Nilidhani atalia. Alishuka ngazi, akapita kati ya watu kana kwamba ni wanafunzi wake wanaogombania chaki, akaja mpaka kwa Madame, akafungua mlango mwenyewe, akaketi nyuma.

"Tantine, ingia," akasema. "Papa Ngoie, utupeleke ku nyumba, kisha uturudishe. Tutaanza upya."

"Na padri?" nikauliza.

"Utaendesha."

Sijawahi kuendesha Madame vile. Tulikwenda Hewa Bora, tukageuka mbele ya nyumba ya baba yake bila kuzima injini, kwa maana Tantine alisema kugeuka mlangoni kunatosha, na tukarudi. Kwenye kupanda, mshale wa joto ukaenda ukalala upande mwekundu. Sikuomba ruhusa. Nilifungua lile joto la ndani mpaka mwisho. Moto ukawaingia: bibi harusi wa watu, mashangazi watatu na vilemba vyao, wote wakaanza kutiririka jasho kwenye asubuhi ya baridi, na madirisha yakafunikwa mvuke. Hakuna aliyelalamika. Tantine Véro alijipepea kwa kijitabu cha misa, akasema, "Enda, Papa, enda."

Tulipofika watoto wa ubatizo walikuwa bado wanalia ndani, na katika maisha yangu sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile. Mlango wa Madame ulifungwa. Tantine akaushika. Ndugu wa mume wakapiga magoti, safari hii bila kucheka, yule kaka mkubwa mbele yao wote, na wakaimba kama watu waliokaribia kupoteza kitu. Vitenge vikapita dirishani. Tantine alijua padri anangoja, lakini hakuharakisha hata kidogo; alikataa kile cha kukataliwa, akapokea kile cha kupokelewa, akadai msamaha wa hadharani, akaupata. Kisha akafungua. Nadège akashuka akiwa amelowa, amepauka, shela imekunjamana, na watu walipiga vigelegele ambavyo nilivisikia kwenye bati la gari. Alipita kando ya dirisha langu. "Aksanti, Papa," akasema. Nikajifuta macho na kitambaa cha kufutia vioo.

Habari ile ilienda mji mzima kabla ya wali kuiva. Kuanzia Jumatatu simu za garajini hazikunyamaza: wote wanataka Madame, hakuna anayetaka Sahani, na mama mmoja aliuliza kama lile gari la kuiba watoto bado lipo. Mwishoni mwa kiangazi Didier aliniita ofisini. Akavua miwani, jambo ambalo sikuwa nimeliona.

"Papa Ngoie, nimeelewa," akasema. "Bantu banapenda Madame. Ile nyekundu nimeuzisha, inaenda Kolwezi. Madame inabakia."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nilienda nyumbani nikamwambia mke wangu, tukanywa bia, nikalala kama mtu aliyefunga kazi vizuri.

Jumatatu nilisikia sauti ya msumeno wa chuma kabla sijafika getini. Mlio ule unauma meno. Nikaingia uani, nikawakuta mafundi wawili wa kuchomelea wamesimama ndani ya Madame, ndani yake, vifua vyao viko juu hewani. Paa lilikuwa chini, kwenye mchanga, limegeuzwa.

Didier alikuwa anatazama akiwa na kahawa.

"Sasa tuko na byote bibili," akaniambia, na alikuwa na furaha ya kweli, hilo ndilo lililonimaliza. "Bukubwa ya Madame, na hewa ya ile ingine. Banapenda ya zamani, banapenda photo. Nimechanganya."

Kulinganisha vitu viwili na kuvichanganya ni kazi mbili tofauti, na ya pili inahitaji msumeno tu. Nilikaa juu ya lile paa pale chini, nikalia mbele ya mafundi, mbele yake, na sikujali. Gari lenye milango minne ukilikata paa linakunjika katikati, mnalijua hilo sasa kuliko mimi, maana ndio mnaofunga milango ya nyuma kwa waya na kuficha waya kwa maua. Kabla ya saa sita niliweka ufunguo mezani kwake. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, au kama tusemavyo hapa, nilivyokwenda retraite, na zile hotuba za afya yangu mlizozisikia baadaye, siku ya saa ya ukutani, zilikuwa za heshima tu.

Miezi ikapita. Halafu Didier akaja nyumbani kwangu, amevaa vizuri, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa anaoa. Mashangazi wa mchumba wake walikuwa wametoa masharti mawili: gari lenye paa, na shofa Papa Ngoie. Gari alikuwa ameshalikodi, la washindani wetu, jeusi, la kufungwa pande zote. Lililobaki lilikuwa mimi.

Nilikubali. Bibi harusi hakuwa na kosa.

Niliwapeleka kanisani taratibu, sikugusa breki ovyo. Tukafika. Didier na ndugu zake walikuwa wamejipanga juani, vitenge mkononi. Ilikuwa Oktoba, lile joto linaloyeyusha lami. Mashangazi wakashika milango yote miwili ya nyuma, huku na huku, na kazi ikaanza. Waliimba wakamaliza nyimbo, wakarudia. Suti ya Didier ikabadilika rangi kwapani. Vitenge vilirudishwa, vikaletwa vingine. Mwishowe akaja kwenye dirisha langu, akagonga.

"Papa Ngoie, ubaambie bafungue. Padri anangoya. Jua inatuua huku, hakuna hata kivuli!"

Shangazi mkubwa aliinama mbele mpaka sikioni kwangu. "Papa," akasema, "siye tuko na haraka?"

"Hapana, Mama," nikamjibu. "Miye nilishaendaka ku retraite."

Nikazima injini, nikapandisha kioo.